Tushindanie Hadithi, Sheria Ziwe za Wote

Nitasema kitu ambacho najua kitaudhi mbogi yangu mwenyewe ya Kawangware: kijitabu chetu cha mchezo kikitoka, tusiandike "haki zote zimehifadhiwa" juu ya sheria za mchezo. Hadithi zetu, wahusika wetu, michoro yetu, hizo ni zetu na atakayeziiba tutamfuata. Lakini sheria, yaani zile hesabu za nani anapiga kwanza, unaumia kiasi gani, ukianguka unaamkaje, hizo tuwaachie watu wote. Hata wale jamaa wa Kibera ambao saa hii tunawaangalia kama maadui.

Kwa wale hawana rada, acha niwape. Tunachocheza ni ile aina ya mchezo mnaketi mezani, kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, na mmoja wenu anasimamia hadithi. Yeye anawaambia kinachotokea, nyinyi mnamwambia mnafanya nini. Ukitaka kufanya kitu kigumu, kama kuruka ukuta ama kumdanganya askari, unarusha dadu uone kama umeweza. Hakuna skrini, na stima ikipotea mnawasha mshumaa mnaendelea. Mkubwa wa hii michezo duniani ni Dungeons & Dragons, kwa kifupi D&D.

Sisi ni wachache Nairobi, lakini tuko. Mbogi yetu hukutana Kawangware kila Jumamosi, watu sita. Kuna mbogi nyingine Kibera, upande wa Olympic, na wao ni kama wanane. Mwaka jana tulikuwa tunatembeleana na kucheza pamoja. Mwaka huu kila upande umeamua kuchapisha kijitabu chake cha Kiswahili na Sheng, na ghafla watu wamenuniana. Kwetu kuna mtu amependekeza tuweke onyo ndani ya kijitabu kwamba yeyote atakayetumia sheria zetu kuuza chake tutamshtaki. Kwao nasikia wanasema sisi ndio tuliwaibia.

Wasee, soko lenyewe halijazaliwa na sisi tayari tunapigania urithi.

Na hii vita si ngeni. Imepiganwa Marekani karibu miaka 50, na kampuni kubwa kuliko sisi, na mawakili wa bei. Matokeo yake yako wazi. Kwa hivyo kabla hatujaanza kutumiana vitisho, tuangalie wao walipigana vipi na nani aliumia.

D&D ni kama M-Pesa

D&D ilitoka mwaka wa 1974. Waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, na kampuni iliyochapisha iliitwa TSR. TSR ilitawala hilo soko kwa zaidi ya miaka 20. Miaka ya 1990, mashabiki walipoanza kuweka vitu walivyotunga wenyewe kwenye intaneti, TSR iliwaandikia barua za vitisho. Hawa ni watu waliokuwa wananunua vitabu vyake na kumletea wateja wapya bure. Kufikia 1997 TSR ilikuwa imezama kwenye madeni, ikanunuliwa na Wizards of the Coast, wale waliotajirikia kadi za Magic: The Gathering. Mwaka wa 1999 Hasbro, kampuni ya vitu vya kuchezea yenye Monopoly, ikainunua Wizards kwa dola kama milioni 325.

Sisemi TSR ilianguka kwa sababu ya zile barua. Ilikuwa na shida zingine mob, kama kuchapisha vitabu vingi kuliko vilivyoweza kuuzwa. Lakini barua hazikuiokoa, na jina baya lilibaki.

Sasa jiulize: kwa nini D&D haijawahi kutolewa sokoni kabisa, na kuna mamia ya michezo mingine ya aina hiyo, mingine mizuri kuiliko? Jibu unalijua tayari, unalo mfukoni. Kwa nini uko M-Pesa? Si kwa sababu ni rahisi kuliko zote. Ni kwa sababu mama yako yuko M-Pesa, landilodi yuko M-Pesa, mama wa mboga yuko M-Pesa. Ukihamia kwingine peke yako, umehamia jangwani. Mchezo wa mezani ni hivyo hivyo. Huwezi kucheza peke yako. Unacheza kile ambacho watu watano wengine wanakijua. Kwa hivyo mchapishaji mkubwa hauzi kitabu tu. Anauza ule uhakika kwamba utapata wa kucheza naye.

Hapo ndipo Wizards walifanya kitu cha akili. Mwaka wa 2000, wakitoa toleo la tatu la D&D, walitoa pia leseni iliyoitwa OGL. Iliruhusu mtu yeyote kuchukua sheria za msingi za D&D, aandike hadithi zake, majini yake, miji yake, na auze bila kulipa chochote. Msukumaji mkuu wa hiyo leseni ndani ya kampuni alikuwa Ryan Dancey, na hesabu yake ilikuwa hivi: kila kijitabu kidogo kitakachotumia sheria zetu kitamfanya mchezaji mmoja zaidi ajue sheria zetu, na huyo mchezaji mwishowe atarudi kununua kitabu kikubwa kwetu. Wadogo washindane kwa hadithi, barabara iwe moja.

Fikiria matatu. Barabara ya Ngong si ya sacco yoyote. Kila mtu anapita hapo. Ushindani uko kwa muziki, michoro, kasi na mdomo wa makanga. Siku sacco moja ikiweka geti barabarani na kusema hii lami ni yangu, hakuna nganya itatengenezwa tena, na hata yeye atakosa abiria.

Walipofunga geti

Na kweli, geti likafungwa. Wakati huo kulikuwa na kampuni inaitwa Paizo, imezaliwa 2002 eneo hilo hilo la Seattle, ikichapisha magazeti mawili ya D&D, Dragon na Dungeon, kwa ruhusa ya Wizards. Mwaka wa 2007 ruhusa ikakatwa. Mwaka uliofuata D&D ikatoa toleo la nne, na safari hii leseni ya wadogo ilikuwa kali, yenye masharti yaliyowafaa wenye kampuni kuliko waandishi.

Paizo walikuwa wamebaki na wasomaji bila gazeti. Wakafanya nini? Wakachukua zile sheria za toleo la tatu, ambazo bado zilikuwa wazi chini ya OGL, wakazirekebisha, na 2009 wakatoa mchezo wao kamili, Pathfinder. Ndani ya miaka michache Pathfinder ilikuwa inaongoza orodha za mauzo kwenye maduka ya michezo Marekani, juu ya D&D yenyewe. Mwanafunzi amempiga mwalimu kwa kutumia notisi za mwalimu.

Mtu wa mbogi yangu akisoma hapo atasema: "Unaona? Ndiyo maana tusitoe sheria bure! Kibera watatupiga na notisi zetu!" Tulia kidogo. Angalia Paizo walishinda lini. Si miaka ile D&D ilikuwa wazi, maana wakati huo walikuwa wanaandika vitu vya kusaidia D&D. Walishinda pale D&D ilipofunga geti na kuwaacha wateja nje. Geti ndilo lililotengeneza adui.

Wizards wakajifunza. Mwaka wa 2014 wakatoa toleo la tano, na 2016 wakaliweka tena chini ya OGL. D&D ikalipuka kuliko wakati wowote. Vidio za watu wakicheza zikapata mamilioni ya watazamaji, na maelfu ya waandishi wadogo wakapata riziki.

Halafu wakasahau tena. Mwishoni mwa 2022 wakubwa wa Hasbro waliwaambia wawekezaji kwamba D&D haijakamuliwa pesa ya kutosha. Tarehe 5 Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ikavuja kwa waandishi wa habari. Ile leseni ya zamani iondolewe nguvu. Ukiingiza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, ripoti kwetu. Ukipita dola 750,000, kile kinachozidi hapo tukate hadi asilimia 25. Na sharti lililochoma watu zaidi: chochote utakachoandika kwa leseni hii, kampuni inaweza kukitumia milele, dunia nzima, bila kukulipa.

Wachezaji waliwaka. Watu walifuta usajili wao kwenye D&D Beyond, ile huduma ya mtandaoni ambayo Hasbro walikuwa wameinunua 2022 kwa zaidi ya dola milioni 146. Tarehe 12 Januari Paizo wakatangaza leseni nyingine ya wazi, ORC, ambayo haitamilikiwa na mchapishaji yeyote, na wachapishaji wengine wakaanza kujiunga. Wizards wakaleta rasimu laini kidogo na kuwauliza wachezaji maoni. Zaidi ya watu 15,000 walijibu, na karibu 9 kati ya 10 walikataa.

Tarehe 27 Januari 2023 Hasbro wakarudi nyuma. Si nusu hatua. Hati nzima ya sheria za msingi za toleo la tano, zaidi ya kurasa 400, waliiweka chini ya Creative Commons, CC BY 4.0. Maana yake kwa lugha ya stage: tumia, badilisha, tafsiri, uza, ila taja ulipoitoa. Na hawawezi kuirudisha. Aprili 2025 wakafanya vivyo hivyo kwa sheria zilizosasishwa.

Wiki tatu tu, wasee. Kampuni ya mabilioni ilisalimu amri kwa sababu wateja walikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kama kusingekuwa na Paizo, hasira ya mtandaoni ingepoa kama zinavyopoa hashtegi zingine zote. Usidhani Paizo ni malaika, maana 2021 wafanyakazi wao walilazimika kuunda chama cha wafanyakazi kudai haki zao. Lakini mshindani hahitaji kuwa malaika ili akufae. Anahitaji kuwepo tu.

Sisi hatukuhesabiwa, na hiyo ni nafasi

Sasa tushuke Nairobi. Kitabu cha mchezaji cha D&D cha 2024 kinauzwa karibu dola 50 kule Marekani. Hiyo ni kama shilingi 6,500 kabla ya kusafirisha na forodha. Vitabu vya msingi ni vitatu, fanya kama 19,500. Kuna watu hapa wanalipa kodi ya chumba cha mabati miezi kadhaa na hiyo pesa. Hakuna mtu ofisini kwa Hasbro aliyekaa akafikiria mtoto wa Gatwekera ama wa Congo pale Kawangware. Hatuko kwenye mahesabu yao kabisa.

Hata lugha inaonyesha. Mwaka wa 2023, baada ya ile vita, Wizards walitoa hati ya sheria za bure kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. UNESCO inasema Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Kiitaliano hakifiki nusu ya hao. Lakini Kiitaliano kiko na sisi hatuko, kwa sababu wanahesabu wanunuzi, hawahesabu watu.

Mimi hilo halinilizi. Pahali kampuni kubwa haioni soko, ndipo mdogo anaweza kusimama bila kukanyagwa. Na gharama ya kuanza ni karibu bure. Mbogi yetu ilipoanza, tulichapisha kurasa 30 tu za zile sheria za bure pale saiba, 10 bob kwa kila ukurasa, jumla 300. Tulikuwa watu sita, kila mtu alitoa finje. Pathfinder nao wana sheria zao zote bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kama una data kidogo.

Dadu ya pande 20 hatukuwa nayo. Tulitumia karata. Toa J, Q, K na Joker, unabaki na kadi 40, kuanzia Ace mpaka 10. Nyekundu zihesabu 1 hadi 10. Nyeusi ongeza 10, ziwe 11 hadi 20. Changanya, vuta moja, rudisha, changanya tena. Hiyo ni dadu ya pande 20 kamili, nafasi zilezile, na karata kila mtaa ziko.

Na tukiwa kwa karata: nani mwenye kadi? Ule mchezo wa kadi ambao kila Mkenya amecheza shuleni, wa kuokotesha mtu kwa 2 na 3, wa J kuruka mtu na K kurudisha, wa kusema "niko kadi" kabla ya kumaliza. Nani aliuandika? Kampuni gani inakusanya ada? Hakuna. Kabla ya kuanza mnaulizana tu, "Hapa mnacheza na sheria za wapi?" Mnakubaliana, mnaanza. Ndiyo maana kadi imefika kila kona ya nchi bila tangazo hata moja la biashara. Sheria ikiwa haina mwenyewe, inatembea. Ikiwa na mwenyewe, inasubiri nauli.

Chenye thamani ni hadithi

Kuna vile watu wanadhani thamani iko kwa zile hesabu. Hapana. Mezani kwetu hakuna mtu anakumbuka hesabu. Tunakumbuka ile kampeni ya reli, ambapo wahusika wetu walikuwa wanaishi kando ya njia ya treni Kibera na usiku mmoja wakasikia tingatinga zinakuja alfajiri. Si hadithi ya mbali hiyo. Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa Kibera ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road ipite, na maelfu ya watu wakabaki nje. Kwenye meza yetu kulikuwa na mchezaji ambaye familia yake ilikuwa kati ya hao. Alicheza mhusika aliyelazimika kuchagua kati ya kuokoa cheti cha shule cha dadake na kuokoa mashine ya kushona ya mamake. Alivuta karata kuona kama mikono miwili itatosha. Hakuna aliyepumua.

Kuna kampuni gani Seattle inaweza kuandika hiyo? Na kuna kesi gani mahakamani ingeweza kuilinda kuliko ukweli kwamba ni sisi tunaoijua?

Hatari yangu kubwa haiko Kibera. Iko kwa huyu mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa, ambaye kesho anaweza kutumia sheria zilezile za bure kuandika kitabu cha "mtaa wa mabanda wa Afrika", kijae matope na huruma, akiuze dola 40. Ruhusa anayo kama sisi. Tukiwa bado tunabishana nani aliandika kwanza jinsi ya kuhesabu majeraha, yeye atakuwa amefika sokoni na picha yetu.

Na hatari ya pili ni mikataba. Mwenzetu mmoja wa Lindi aliandikia shirika fulani mchezo wa hadithi wa vijana. Alilipwa mara moja, pesa ya kununua viatu. Alipotaka kuutumia tena mtaani kwake akaonyeshwa karatasi aliyosaini: kila kitu, wahusika, majina, hata lile jina la kichochoro chao, ni mali ya shirika milele, kila mahali. Lile sharti lililowasha moto Marekani Januari 2023, kwetu linasainiwa kimya kimya juu ya meza ya soda na biskuti. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema huwezi kumhamishia mtu hakimiliki bila maandishi uliyosaini. Maana yake kalamu iko mkononi mwako. Soma kwanza. Kama wanataka kutumia, wape ruhusa ya kutumia. Usiwape kumiliki.

Hapo ndipo nguvu zetu za kulinda mali zinafaa kwenda, si kumvizia mtu wa Olympic.

Majibu kwa mbogi yangu

Najua mtasema nini, nimeyasikia tayari.

"Tumefanya kazi, mbona wengine wafaidi bure?" Kazi gani? Sehemu kubwa ya sheria zetu tumezitoa kwenye ile hati ya Creative Commons. Tumetafsiri, tumepunguza, tumebadilisha majina. Hata hao Kibera wametoa hapohapo, ndiyo maana tunafanana. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Tutamshtaki mtu vipi kwa kutumia kitu ambacho sisi wenyewe tulipewa bure?

"Lakini sheria ya nchi itatulinda." Haitalinda hilo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama tangu 1995, uko wazi: hakimiliki inalinda namna ulivyoeleza kitu, hailindi wazo lenyewe, wala utaratibu, wala mbinu. Maneno yako ni yako. Michoro ni yako. Ile mbinu ya kuvuta karata badala ya dadu, mtu yeyote anaweza kuieleza kwa maneno yake. Onyo letu litakuwa barua ya TSR bila hata mawakili wa TSR.

"Kibera wakiuza zaidi yetu je?" Basi wawe wameandika vizuri zaidi, nasi tuandike vizuri zaidi mwaka ujao. Huo ndio ushindani ninaoutaka. Na mkumbuke M-Pesa: mtu aliyenunua kijitabu cha Kibera na akajua sheria, akija Kawangware hahitaji kufundishwa upya. Anakaa, anacheza, anaona kijitabu chetu, ananunua. Tukiwa na sheria mbili tofauti, kila mmoja anajenga kasoko kake ka watu 10. Tukiwa na moja, tuna soko la watu 20 siku ya kwanza, na Mathare na Kayole wanaweza kuingia bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Si watu wata-PDF tu, watumiane kwa Telegram?" Watatumiana. Vitabu vya D&D vyenyewe vinatumwa hivyo kila siku. Hatuwezi kuwa wa bei rahisi kuliko bure. Tunachoweza ni kuwa na kitu ambacho mtu anataka kukishika, kilichoandikwa kwa lugha anayoongea, kuhusu kona anayoijua, kwa bei isiyomfanya aruke chakula cha mchana. Shujaaz wametuonyesha tangu 2010 kwamba kijana wa Kenya atasoma katuni ya Sheng mpaka kurasa zichanike. Lakini Shujaaz ilikuwa inagawiwa bure kwa sababu kulikuwa na wafadhili nyuma yake. Sisi hatuna mfadhili, na kusema kweli sitaki. Nataka mtu atoe pesa yake mwenyewe kwa sababu ameona inafaa.

Kwa hivyo tufanye hivi

Mbogi zote mbili tukae meza moja. Tutoe kijitabu kimoja cha sheria, kurasa 32, Kiswahili rahisi, chini ya CC BY kama tulivyopewa, na jina la kila aliyeshiriki ndani. Hicho kiwe bure kwa simu, na nakala ya karatasi iuzwe kwa gharama ya kuchapisha tu. Kopi moja ipelekwe maktaba ya Kibera.

Halafu kila mbogi iandike vijitabu vyake vya hadithi, na huko ndiko tuchapane bila huruma. Sisi tuna usiku wa Kawangware, ukuta unaotutenganisha na Lavington, na kila kitu kinachopita juu ya huo ukuta. Wao wana reli, wana msitu wa Ngong mgongoni, wana historia ya Wanubi waliofika hapo kabla Nairobi haijawa jiji. Kila kimoja shilingi 200 ama 300, tili ya mbogi, mauzo pale Toi Market wikendi na kwa NAICCON wakifungua meza. Hakimiliki ya hadithi ibaki kwa aliyeandika, si kwa mbogi, si kwa mwenye printa. Na jina lake liwe kwa jalada.

Mimi nimeshawaandikia watu wawili wa Olympic, na mmoja amejibu "fiti, lakini mje nyinyi huku". Tutaenda. Mbogi yangu, kama mnaona nimewauza, njooni Jumamosi tubishane ana kwa ana. Na wewe unayesoma kutoka Kayole, Mathare, Kisauni ama Nyalenda, usingoje tumalize. Zile sheria ziko pale saa hii, kwa jina lako kama lilivyo letu. Andika mtaa wako kabla mtu mwingine hajakuandikia.